Gitaa la besi likikuumiza vidole, anza na shingo

Barua iliyotufikia juma hili imetoka Oldonyiro, upande wa magharibi wa Isiolo, karibu na Laikipia na Samburu. Aliyeiandika ni mzazi. Anaeleza kwamba vijana wa kanisa lao walichanga pesa, baadhi yao wakauza mbuzi sokoni, na wakanunua gitaa la besi la mtumba kutoka Nairobi. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyechaguliwa kulipiga.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda shwari. Kisha nyuzi zikaanza kukwaruza, mtu mmoja akalikoroga kwa bisibisi, na sasa nyuzi zenyewe ziko juu mno hata vidole vya binti vinavimba. Kiganja chake kinakatwa na kingo za freti. Isitoshe, kwaya inanung'unika kwamba besi haipatani na kinanda. Wako wanaosema gitaa ni bovu, na wako wanaosema msichana ni mvivu wa mazoezi. Mzazi anauliza: tuliuze, au tumpe mtu mwingine alipige?

Msiliuze, wala msimnyang'anye binti nafasi yake. Kila kitu kilichoelezwa katika barua hiyo ni dalili ya mbao iliyokauka na kurekebishwa mahali pasipofaa. Baada ya ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ukaendelea hadi 2023, mbuzi aliyebaki boma si mali ya kutupwa kwa sababu ya parafujo chache.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Gitaa la besi la umeme kama tulijualo lilianza kuuzwa na Leo Fender wa Marekani mwaka 1951. Urefu wa nyuzi zake, sehemu ile inayolia, ni kama sentimita 86, ilhali gitaa la kawaida lina kama 65 tu. Nyuzi hizo nne zikikazwa barabara huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Hebu fikiria mtu mzima ananing'inia kwenye ubao usiozidi unene wa mkono wa mtoto. Ili shingo isipinde ikawa upinde wa mshale, ndani yake hutiwa fito la chuma linaloweza kukazwa au kulegezwa.

Sasa, mbao hunywa unyevu hewani na kuutoa, lakini chuma hakifanyi hivyo. Gitaa lililokuwa limetulia Nairobi likipelekwa kwenye joto kavu la Oldonyiro, na likihifadhiwa chini ya mabati, mbao ya shingo hunywea. Aghalabu shingo hunyooka kupita kiasi, hata ikaelekea kubinuka nyuma. Nyuzi zikikosa nafasi ya kutikisika hugonga freti za mwanzo, ndiyo maana ya ule mkwaruzo. Na kwa kuwa freti ni za chuma na hazikunywea pamoja na ubao, ncha zake hutokeza pembeni na kukata kiganja.

Hapo ndipo yule mwenye bisibisi alipoharibu mambo. Aliusikia mkwaruzo akainua nyuzi kwenye daraja, kile chuma cha upande wa chini kinachozibeba. Mkwaruzo ulipungua, ndiyo, lakini ugonjwa ulibaki palepale kwenye shingo, na maumivu yakahamia kwa mpigaji. Fundi mmoja wa magitaa jijini Nairobi niliyemuuliza alicheka tu. Anasema nusu ya magitaa anayoletewa yameinuliwa hivyo hivyo.

Kwa hivyo kazi ifanywe kwa mpango: shingo kwanza, kisha kimo cha nyuzi, kisha usahihi wa sauti. Ukianzia mwisho utarudia yote. Na kama nyuzi ni kuukuu, zimeota kutu na hazina tena mlio wa kengele, wekeni mpya kabla ya kugusa chochote, kwa sababu nyuzi za unene tofauti huvuta shingo kwa nguvu tofauti.

Kazaneni nyuzi hadi sauti zake za kawaida, yaani E, A, D na G kutoka ule mnene. Mzazi abonyeze uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na binti aubonyeze pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Uzi huo sasa ni rula iliyonyooka. Tazameni nafasi kati yake na freti ya saba au ya nane. Panapaswa kupita kadi ya biashara ya karatasi ngumu, karibu theluthi moja ya milimita, bila kuusukuma uzi. Ikiwa uzi umelala juu ya freti, shingo imenyooka mno.

Parafujo ya fito huwa kichwani mwa gitaa chini ya kifuniko kidogo, au upande wa pili shingo inapokutana na mwili. Tumieni kifunguo kinachoingia sawasawa, kile cha pembe sita kilichopinda kama herufi L. Kuzungusha kinyume cha mkono wa saa hulegeza fito na kuiacha shingo ipinde kidogo kuelekea nyuzi, ambalo ndilo mnalolitaka. Kufuata mkono wa saa hukaza na kuinyoosha. Zungusheni robo mzunguko tu, kisha kazeni nyuzi upya na kupima tena. Acheni gitaa lilale usiku mmoja kabla ya kuongeza robo nyingine, kwani mbao haina haraka. Parafujo ikikataa, acheni hapo hapo mkatafute fundi. Fito likikatika, gharama ya kulitengeneza inaweza kupita bei ya gitaa.

Shingo ikikaa sawa, rudini kwenye daraja mshushe zile nyuzi zilizoinuliwa. Pimeni kwa rula ya shule kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Angalieni lakini, rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Ikateni au muihesabu. Kama milimita 2 kwa uzi mwembamba na 2.5 kwa ule mnene itamfaa anayejifunza. Wapigaji wa benga, ambao hukwanyua nyuzi kwa nguvu, huenda wakapenda 3. Mkwaruzo mdogo unaosikika sebuleni lakini hausikiki kwenye spika hauna neno.

Malalamiko ya kwaya sasa. Freti ya 12 hugawa uzi katikati kabisa. Gusa uzi taratibu juu yake bila kubonyeza, uukwanyue, utasikia mlio mwembamba kama kengele. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo na ukwanyue tena. Sauti mbili hizo lazima zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, kijichuma cha uzi huo kwenye daraja kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Programu ya simu ya kukazia nyuzi inatosha kwa kazi hii, ingawa simu nyingi hazisikii vizuri uzi mnene, unaotikisika kama mara 41 tu kwa sekunde. Ibanwe simu kwenye kichwa cha gitaa, au mtumie ule mlio wa kengele. Nyuzi zilizoinuliwa mno hupanda sauti kila zikibonyezwa, na nadhani hapo ndipo binti alipopoteza jina lake mbele ya kwaya.

Ncha za freti zisuguliwe kwa tupa laini kabisa, kwa kuinamisha, mbao ikiwa imefunikwa kwa utepe wa karatasi. Ni kazi ya jioni mbili na inahitaji mkono wa polepole.

Kuhusu mlio mzuri, watu wa Oldonyiro hawahitaji kufundishwa maana ya besi. Nyimbo za Wasamburu huimbwa kwa koo tupu bila ngoma, na mngurumo wa wanaume ndio unaobeba wimbo wote. Na wazazi wanaoikumbuka Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, wanajua besi ya Tom Malanga katika "Sina Makosa" inavyosikika wazi hata kwenye redio ndogo.

Uwazi huo hautokani na kufungulia besi hadi mwisho. Spika ndogo ya kanisa haiwezi kutoa sauti nzito kiasi hicho. Itapasuka au itanguruma ovyo. Punguzeni besi kwenye amplifaya na kuongeza sauti ya kati kidogo. Pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, isikaribie mno, maana huvuta uzi na kuutia kigugumizi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho uache milimita 2 au 3. Kama kanisa hutumia umeme wa jua, waya wa gitaa upitishwe mbali na inverta, ambayo aghalabu ndiyo chanzo cha ule mvumo usioisha.

Mkanda wa begani nao usisahaulike. Vijana hupenda gitaa lifike magotini kama waonavyo kwenye video, na kifundo cha mkono hupinda vibaya. Binti akiketi, gitaa likae pajani. Akisimama, likae pale pale. Kama mikono yake ni midogo kweli, yako magitaa ya besi mafupi yenye urefu wa nyuzi wa sentimita 76, lakini sidhani ni lazima kununua jingine kabla ya kujaribu haya.

Lihifadhiwe ndani ya mfuko wake, ndani ya nyumba, mbali na ukuta wa mabati. Kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vyema, kikiwekwa ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kitaupa mfuko unyevu kidogo wakati wa kiangazi. Mvua za Novemba zikianza, mkiondoe, mpime tena shingo kwa ile kadi, kwani mbao itanywa na huenda fito likahitaji kukazwa robo mzunguko.