King'ora kikilia usiku, nani anakuja?

Saa nane ya usiku, king'ora kinalia ndani ya parseli moja. Mbwa wanabweka. Taa inawaka kwa jirani, kisha inazimwa haraka. Baada ya dakika tano king'ora kinanyamaza chenyewe. Asubuhi watu wanaulizana barabarani: ilikuwa wezi ao ilikuwa upepo? Hakuna aliyetoka kuangalia. Mwenye nyumba yuko safarini Kampala. Ujumbe ulifika kwenye simu yake, lakini alikuwa usingizini. Na hata kama angekuwa macho, angefanya nini?

Wakaaji wengi wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia ao Lubumbashi hawahitaji kuelezwa zaidi. Ujambazi wa usiku umewafanya watu wenye uwezo kidogo kutafuta kila njia ya kujilinda: ukuta mrefu, vipande vya chupa juu ya ukuta, zamu wa usiku, mbwa, na sasa mitambo ya kengele ya hatari inayounganishwa na intaneti. Kiini cha mtambo huo ni kisanduku ambacho mafundi wanakiita santrali. Santrali inapokea habari kutoka kwa vitambuzi vya mlangoni na vya ndani ya vyumba, inaamua kama kuna hatari, inapiga king'ora, kisha inatuma habari kwa simu ya mwenye nyumba ao kwa kampuni ya ulinzi.

Ni chombo kizuri. Lakini namna kinavyouzwa na kufungwa katika miji ya mashariki inawadanganya wanunuzi. Santrali ni mjumbe tu. Mjumbe asiye na chakula, asiye na njia ya kupita, na asiye na mtu wa kumsikiliza, hata akipiga kelele namna gani, haokoi mtu.

Chakula cha mjumbe ni umeme

Karibu kila santrali ina batri ndogo ndani yake. Ile ya kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Ikiwa santrali, kibodi yake, vitambuzi na kifaa cha mawasiliano vinatumia pamoja nusu ampea, hesabu ni rahisi: saa 14, tena kwa batri mpya iliyojaa vizuri. Batri ya miaka mitatu ao mine haifiki hapo. Na batri ambayo umeme unarudi kwa saa mbili tu halafu unakatika tena, haipati hata muda wa kujaa.

Kanuni ya Ulaya EN 50131 inaomba batri ishike saa 12 kwa mitambo ya daraja mbili za chini, na saa 60 kwa daraja mbili za juu. Saa 12 zinatosha katika mji ambao umeme unakatika kwa nadra. Katika kartye ambayo delestaji inaweza kuchukua usiku mzima na mchana wake, saa 12 ni kidogo sana. Fundi anayefunga mtambo bila kumuuliza mteja umeme unakatika kwake mara ngapi na kwa muda gani, amefunga mtambo wa mji mwingine.

Kuna kosa lingine ambalo linajulikana kidogo. Santrali ina batri, lakini ruta ya intaneti haina. Umeme ukikatika, santrali inabaki macho, inaona mwizi, inapiga king'ora, ila ujumbe hautoki nje ya ukuta kwa sababu ruta imezimika tangu dakika ya kwanza. Wezi wanajua saa za giza kuliko mtu yeyote. Dawa yake si ya bei kali: ruta nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo batri ndogo ya pembeni ao paneli ya jua inaweza kuibeba. Lakini lazima mtu awaze jambo hilo mapema, mbele ya kulipa fundi.

Njia ya kupita

Tarehe 31/12/2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti na ujumbe mfupi wa simu vilikatwa katika inchi. Intaneti ilikosekana kwa karibu wiki tatu. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa vita, Goma nayo iliishi siku bila umeme, bila maji na bila intaneti. Mtu anayefunga kengele katika sehemu hii ya dunia na kuiacha itegemee njia moja tu, amesahau historia ya juzi.

Santrali ya maana inapaswa kuwa na njia mbili: intaneti ya ruta, pamoja na kadi ya simu ndani ya santrali yenyewe. Na kadi hiyo iweze kupiga simu ya sauti, si kutuma ujumbe peke yake. Halafu kuna maswali madogo ambayo yanaua mitambo mingi kimyakimya. Kadi imeandikishwa kwa jina la nani? Ikiwa ni kwa jina la fundi, siku fundi akihama kadi inahama naye. Nani anaitia uniti? Kadi ikikaa muda mrefu bila kutiwa kitu, mwenye mtandao anaifunga, na hakuna taa itakayowaka kumjulisha mwenye nyumba ikiwa fundi hakupanga santrali ijitangaze kila siku.

Hilo la kujitangaza ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Santrali inaweza kupangwa itume habari kila baada ya saa fulani: niko mzima. Siku habari hiyo isipofika, kampuni ya ulinzi ao mwenye nyumba anajua kwamba kuna waya umekatwa, batri imekufa ao kadi imefungwa. Bila hiyo, kimya cha usalama na kimya cha kifo vinafanana.

Funguo ziko mkononi mwa nani?

Santrali nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na kodi mbili ao tatu: moja ya mwenye nyumba, moja ya fundi. Mara nyingi ni tarakimu rahisi kama 1234 ao 0000, na zimechapwa katika kitabu cha maelezo ambacho mtu yeyote anaweza kukisoma kwenye intaneti. Kuziacha hivyo ni sawa na kununua kufuli na kuacha ufunguo ukining'inia kwenye mlango.

Dunia ilikwisha kupata somo hilo. Katika mwaka 2016, programu mbovu iliyoitwa Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kutumia orodha ya majina na kodi za kiwandani zaidi ya 60 tu. Tarehe 21/10/2016 vifaa hivyo vilitumiwa kushambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikasumbuka kwa masaa. Wenye kamera hizo hawakujua kitu. Santrali iliyo kwenye intaneti ni kifaa cha aina hiyo hiyo, tofauti ni kwamba hii inajua lini nyumba iko tupu.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo mteja anapaswa kuyadai wazi wazi. Kodi ya fundi ibadilishwe mbele yake na iandikwe katika barua iliyofungwa, ibaki nyumbani. Kila mtu wa nyumba awe na kodi yake: mke, mume, mtoto mkubwa, mfanyakazi, zamu. Mfanyakazi akiondoka, kodi yake inafutwa siku hiyo hiyo, na santrali inaweza kuonyesha nani alizima kengele na saa ngapi. Fundi asifungue mlango wa ruta kwa dunia nzima ili kurahisisha kazi yake. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13/03/2023, ile inayoitwa Kodi ya Numeriki, inazungumzia ulinzi wa habari za watu na makosa ya mitandao. Mteja ana haki ya kuuliza habari za nyumba yake zinahifadhiwa wapi na nani anaziona.

Na kuna waya. Fundi mwenye haraka anaweka kizuizi cha umeme, kile kidude kidogo cha mwisho wa waya, ndani ya santrali yenyewe badala ya kukiweka kule kwenye kitambuzi. Kazi inaonekana nzuri. Lakini mtu akiunganisha nyaya mbili njiani, santrali itaendelea kusema mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Kizuizi kikiwa mwisho wa waya, santrali inatofautisha hali ya kawaida, waya uliokatwa na waya uliounganishwa. Ni kidude cha bei ndogo sana, na ndicho kinachoonyesha nani ni fundi na nani ni muuzaji.

Bunduki iko upande wa pili

Katika inchi zingine, king'ora kinafukuza mwizi. Hapa, mara nyingi mwizi ana bunduki, na anaingia watu wakiwa ndani. King'ora kinacholia wakati majambazi wamekwisha kufika chumbani kinaweza kuwakasirisha kuliko kuwafukuza. Jambo hili halimo katika karatasi za matangazo, lakini ndilo la kwanza ambalo familia inapaswa kulifikiri.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kengele ilie mapema: vitambuzi viwe kwenye geti, ukuta na madirisha, si sebuleni tu, ili watu wapate dakika chache za kujifungia na kupiga simu. Usiku sehemu ya nje ya nyumba iwe macho wakati watu wanalala ndani, jambo ambalo karibu santrali zote zinaweza kufanya. Pili, iwepo kodi ya kulazimishwa. Jambazi akiamuru mwenye nyumba azime kengele, anaandika kodi hiyo. Kengele inazimika kama kawaida, lakini ujumbe wa siri unatoka. Santrali nyingi zina uwezo huo tayari. Mwenye nyumba ambaye hajawahi kuambiwa kwamba upo, hataweza kuutumia siku ya hatari.

Masufuria yana somo

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya matajiri, na kwamba usalama ni kazi ya serikali. Wana haki kwa sehemu kubwa. Hakuna kisanduku kitakachochukua nafasi ya polisi wanaolipwa vizuri, wenye mafuta katika gari na wanaofika wakiitwa. Na kampuni za ulinzi za binafsi haziruhusiwi kubeba bunduki, kwa hiyo hata mteja anayelipa kila mwezi anategemea polisi mwishoni.

Lakini wale wanaosema hivyo wanasahau kwamba kartye za watu wa kawaida zimekwisha kuvumbua mtambo wao: filimbi na masufuria. Nyumba moja ikivamiwa, ya pili inapiga, ya tatu inapiga, na katika dakika chache avenyu nzima iko macho. Mtambo huo hauna intaneti, hauna batri, na hauna kodi ya kuibiwa. Unafanya kazi kwa sababu kila mtu anajua sauti ile ina maana gani na anajua kazi yake ni ipi.

Hapo ndipo santrali za kisasa zinashindwa. Ujumbe wake wa kwanza unakwenda kwa mwenye nyumba, ambaye pengine yuko Dubai ao Brussels, badala ya kwenda kwa jirani aliye mita ishirini. Santrali inaweza kupangiwa namba kadhaa za simu. Zile za kwanza ziwe za majirani wawili, ya zamu, na ya nyumbakumi ao mkubwa wa avenyu. Mwenye nyumba awe wa mwisho. Na majirani waambiwe mapema: king'ora hiki kikilia, msitoke, pigeni filimbi na muite polisi.

Jirani naye ana haki. Kengele inayolia kila usiku kwa sababu ya paka ao pazia linalopeperushwa na upepo inawafundisha watu kutoijali. Mwenye kengele ana deni kwa avenyu yake: arekebishe vitambuzi, apunguze dakika za king'ora, na afanye jaribio mchana mara moja kwa mwezi baada ya kutangaza. Jaribio la kweli ni kukata umeme kwa makusudi jioni na kuangalia kama mtambo bado uko macho asubuhi.

Kwa upande wa wakuu, kuna mambo yanayowezekana hata bila bajeti kubwa. INPP, ambayo inafundisha kazi za mikono, inaweza kuweka somo la kufunga kengele na kutoa karatasi kwa wanaofaulu. Komine inaweza kuomba kila fundi wa kazi hii ajulikane kwa jina na makao, kwa sababu mtu anayejua waya na kodi za nyumba mia moja si mtu wa kuachwa bila kujulikana.

Mpaka hapo, mnunuzi awe na swali moja mdomoni mbele ya kutoa dola zake. Asiulize kwanza kama kengele inaonekana kwenye simu, ao kama king'ora kina sauti kali. Amuulize fundi: usiku usio na umeme wala intaneti, hii ikilia, nani anakuja? Ikiwa fundi hana jibu, arudishe pesa mfukoni, aende kwanza kuongea na jirani.