Usalama wa ambulensi ni jukumu la kaunti

Mgonjwa anayepakiwa kwenye ambulensi hana nafasi ya kuchagua. Hachagui gari wala dereva, na hana nguvu za kuuliza iwapo breki na mitambo ilikaguliwa. Amejikabidhi mikononi mwa umma, na umma umemkabidhi kwa serikali ya kaunti. Kwa sababu hiyo kaunti za Migori na Homa Bay, sawa na nyingine zote nchini, zina wajibu mzito kuliko ule wa mwenye gari la binafsi, na wajibu huo haukomi siku ambulensi mpya zinapozinduliwa kwa hotuba na picha.

Wajibu huo hupimwa hasa pale mtengenezaji wa magari anapotangaza kwamba aina fulani ya magari yake ina kasoro na inapaswa kurejeshwa ikarekebishwe. Kasoro katika mfumo wa kudhibiti uthabiti wa gari ni miongoni mwa zile zisizostahili kuahirishwa. Mfumo huu husoma kasi ya kila gurudumu, pembe ya usukani na namna gari linavyogeuka; likianza kuteleza, hukamata breki ya gurudumu linalohitajika na kupunguza nguvu za injini ili gari lirudi njiani. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kwamba mfumo huo ungepunguza kwa asilimia 59 ajali za magari ya aina ya SUV zisizohusisha gari jingine. Kufikia Septemba 2011, nchi hiyo ilikuwa imeulazimisha katika magari yote mapya ya abiria yenye uzani usiozidi kilo 4,536.

Historia inaonyesha kuwa hata mtengenezaji anayeaminika huweza kukosea. Mnamo Aprili 2010, baada ya jarida la Consumer Reports la Marekani kuwaonya wanunuzi wasinunue Lexus GX 460, kampuni ya Toyota iliagiza kurejeshwa kwa takriban magari 34,000 kote duniani, yakiwemo ya Land Cruiser Prado, gari ambalo Wakenya wanalifahamu vyema. Katika majaribio, dereva alipoachilia mafuta akiwa katikati ya kona, sehemu ya nyuma iliteleza mno kabla ya mfumo kuingilia kati. Tiba yake ilikuwa kubadilisha programu ya kompyuta ya gari. Kasoro ya namna hiyo haionekani kwa macho, fundi wa kawaida hawezi kuigundua kwa kulizunguka gari, na urekebishaji wake si wa gharama kubwa. Linalohitajika ni kwamba mwenye gari apate habari, na akishazipata achukue hatua.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Kenya huruhusu magari yaliyotumika nje kuingizwa nchini mradi hayajazidi umri wa miaka minane. Gari likitoka Japani na kuuzwa huku, barua ya mtengenezaji humtafuta mmiliki wa kwanza katika anwani yake ya zamani, huku gari lenyewe likiwa limebadilishwa nambari, mmiliki na matumizi. Ambulensi hupitia mabadiliko zaidi: baadhi hununuliwa, baadhi hutolewa na wafadhili, baadhi hukodishwa, na nyingi ni magari ya kawaida yaliyoongezwa kitanda, makabati na mitungi ya oksijeni, vitu ambavyo huongeza uzito na kubadilisha mgawanyo wake. Gari likishapita mikono yote hiyo, kila mmoja huweza kudai kwamba usalama wake ulikuwa jukumu la mwenzake.

Katiba haiachi nafasi ya mjadala huo. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti huduma za ambulensi, na vilevile huduma za kuzima moto. Kifungu cha 43 kinasema mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, pamoja na fidia anapoumizwa na kasoro ya bidhaa au huduma, na kinatamka wazi kwamba haki hizo zinahusu pia huduma zinazotolewa na mashirika ya umma. Mama mjamzito anayetolewa Muhuru Bay kwenda hospitali ya rufaa mjini Migori, au mgonjwa anayetolewa Mbita kwenda Homa Bay, ni mtumiaji anayelindwa na kifungu hicho. Dereva na muuguzi walioandamana naye ni wafanyakazi wanaolindwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007. Awe ni nani aliyelinunua au kulitoa gari, kaunti inayolituma barabarani ndiyo inayobeba dhamana.

Tunatambua hoja ya upande wa pili, na haina uzito mdogo. Ambulensi ni chache, masafa ni marefu, na barabara nyingi za Nyatike, Kuria na Ndhiwa hazipitiki kwa urahisi wakati wa mvua. Msimamizi wa hospitali anayeambiwa aegeshe magari mawili kwa siku kumi anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, ni nani atakayembeba mgonjwa wa usiku huo. Anayefariki akisubiri gari ana thamani sawa na anayefariki ndani ya gari lililopinduka, na uongozi unaotaja hatari moja huku ukiifumbia macho nyingine haujatenda haki. Wengine watasema pia kwamba madereva wetu wameendesha kwa miaka mingi magari yasiyo na mfumo wa kudhibiti uthabiti kabisa, na wagonjwa wakafika.

Hata hivyo, hoja hizo zikipimwa kwa makini zinadai mipango bora. Hazitoi kibali cha kunyamaza. Dereva anayejua kwamba gari lake halina msaada huo huendesha kwa tahadhari inayofaa. Dereva aliyepewa gari lenye mfumo mbovu huutegemea mpaka umwangushe. Naye dereva wa ambulensi hulazimika kufanya mambo yaleyale ambayo mfumo huo uliundiwa: kwenda kasi na kukwepa ghafla. Katika barabara ya Isebania, Migori, Awendo na Rongo hukutana na trekta la miwa lisilo na taa, bodaboda inayoingia barabarani bila kuangalia, na lori lililoharibika kwenye kona. Kuhusu uhaba, kaunti zinaweza kurejesha magari kwa zamu, kuazimana kati ya jirani na jirani, na kukodi kwa muda. Uhaba uliotokana na upungufu wa mipango hauwezi kuhamishiwa kwa mgonjwa awe ndiye anayeulipia kwa maisha yake.

Serikali ya kitaifa nayo haiwezi kunawa mikono. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) ndiyo yenye rejista ya magari, Shirika la Viwango (KEBS) ndilo linalosimamia ubora wa magari yanayoingia, na Mamlaka ya Ushindani inahusika na bidhaa zisizo salama. Aprili 2024, Bodi ya Dawa na Sumu iliagiza shehena moja ya dawa ya kikohozi ya watoto aina ya Benylin iondolewe madukani, ikitaja nambari ya shehena ili kila mzazi aweze kukagua chupa yake. Nambari ya chesi ingeweza kufanya kazi hiyohiyo kwa magari. Taasisi hizo zinapaswa kulinganisha matangazo ya watengenezaji na rejista, kisha kumwandikia moja kwa moja kila mwenye gari la dharura. Tangazo linalobaki katika tovuti ya kiwanda cha mbali halijamfikia dereva aliye Suna.

Kwa kaunti zetu mbili, wajibu unadai mambo mahususi. Kila moja iandae orodha ya magari yake yote ya dharura, yakiwemo ya kukodi na ya msaada, ikionyesha nambari ya chesi, mwaka wa kuundwa na marekebisho yaliyofanywa. Afisa mmoja ateuliwe kwa barua kufuatilia matangazo ya kasoro, na awe na mamlaka ya kulisimamisha gari bila kusubiri idhini ya mwanasiasa. Mikataba ya kukodi imlazimishe mwenye gari kuleta jingine mara lake linapohitaji kurejeshwa. Mpango wa kukodi vifaa vya hospitali ulioanza mwaka wa 2015, ambao magavana walilalamika kwamba hawakuonyeshwa mikataba yake, uliwafunza Wakenya hasara ya kulipia kitu usichojua masharti yake. Madereva nao wapewe haki ya kukataa gari ambalo taa ya tahadhari ya mfumo wa uthabiti imewaka, bila kuogopa kupoteza kazi.

Mabunge ya kaunti yana sehemu yake. Madiwani hushindana kudai ambulensi kwa wadi zao, na hilo si kosa. Lakini ni wachache wanaodai bajeti ya matengenezo kwa sauti hiyohiyo. Magurudumu ya saizi tofauti yaliyofungwa kwa sababu ya kubana matumizi yanatosha kuupotosha mfumo wa uthabiti ambao kiwanda kiliutengeneza vyema. Kamati za afya zinapaswa kuitisha orodha tuliyoitaja kabla ya kuidhinisha ununuzi mwingine, na orodha hiyo ichapishwe, kwa kuwa Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Afisa atakayepata taarifa ya kasoro akaiweka kwenye droo kwa hofu ya kuulizwa maswali atakuwa amefanya uamuzi, na kila atakayeumia baada ya siku hiyo atakuwa ameumizwa na uamuzi huo. Magavana wa Migori na Homa Bay wanapaswa kutoa orodha ya magari yao na kutaja jina la afisa anayewajibika. Wasipofanya hivyo, madiwani wawaite wajieleze, na wapiga kura walikumbuke jibu watakalopewa.