Ramani ya Jenomu Iingie Darasani

Kuna watu wakisikia neno jenomu husema, "Aa, hayo ni mambo ya chuo kikuu." Mimi nasema la, na nina sababu.

Mtu akikwambia nenda Salim Road, utazunguka mjini mpaka uchoke, usipokutana na mzee wa kukujuza kwamba Salim Road ndiyo Digo Road ya leo. Nyumba hazikuhama, ramani ndiyo iliyobadilika. Kromosomu nazo zina shida iyo hiyo. Chukua selimundu, au sikoseli kama tuitavyo mitaani, maradhi tunayoyajua sana huku Pwani. Chanzo chake ni herufi moja tu katika kromosomu ya 11, yenye herufi kama milioni 135. Katika ramani ya mwaka 2009, iitwayo GRCh37, herufi hiyo ni ya 5,248,232. Katika GRCh38, ya mwaka 2013, ni ya 5,227,002. Herufi ni ile ile! Sasa mtu akiandika namba bila kutaja ramani, mwenzake atafungua mahali pengine kabisa, zaidi ya herufi 21,000 kando, na huenda akasema mgonjwa hana kitu.

Programu za kuperuzi jenomu zina dawa ya fujo hiyo. Ile ya Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, iko kwenye intaneti tangu mwaka 2000, tena bure. Juu huwa ramani. Chini yake habari zimepangwa safu kwa safu: jeni ziko wapi, watu hutofautiana wapi, na kwa sokwe je. Kila safu hufuata namba za ramani ya juu. Unaanza na kromosomu nzima, unabonyeza, unasogea, mpaka unaona herufi moja moja.

Hapa nina neno na mabingwa wa kukariri. Kitabuni twasoma kwamba A imegeuka T. Ukifungua ramani, pale pale utaona T, si A! Usishtuke. Jeni hii iko katika uzi wa pili, nayo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama maandishi ya Kiarabu, na T ya uzi mmoja hukabiliana na A ya mwenziwe. Ukiliona jambo hilo kwa macho yako hulisahau.

Wako watakaosema ramani si yetu, maana sehemu kubwa yake ilitoka kwa mtu mmoja wa Marekani. Ni kweli, lakini ni ya kupimia tu. Utafiti uliofanywa hapo Kilifi umeonyesha kwamba mtoto mwenye nakala moja ya mageuzi hayo hukingwa na malaria kali. Mwenye mbili huugua selimundu. Habari kama hizo za watoto wa kwetu nazo zapaswa kuwekwa penye namba zake.

Ombi langu kwa idara ya bayolojia ni kipindi kimoja tu kwa muhula, katika chumba cha kompyuta. Kila mwanafunzi aitafute herufi hiyo, aandike daftarini namba yake na ramani aliyotumia. Nawe mwalimu, ukiona namba bila jina la ramani, tia kosa.