Chuo Kikuu cha Kigeni na Hesabu za Darasa la Tano

Mnamo Novemba 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India, Madras, ilizindua tawi lake Unguja, la kwanza kwa taasisi za jina hilo nje ya India. Mwombaji hupita katika mtihani na usaili, na masomo ni kwa Kiingereza. Wengi huzungumzia ada, nayo si jambo dogo. Lakini sisi twaona kikwazo kikubwa zaidi kimo katika skuli zetu za msingi.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Watoto wengi wakawa wakariri maneno wasiyoyajua kwa mambo wasiyoyaelewa. Mwalimu mwanafunzi, ufundishapo sehemu, anza na pishi ya karafuu. Mtoto wa Pemba aliyezoea shamba ajua kuwa kibaba ni robo yake. Akishaiona robo, ndipo umpe jina lake la Kiingereza.

Katika mazoezi ya kufundisha tumeshuhudia darasa zima likiitikia kwa sauti moja kuwa limefahamu, kisha madaftari yakarudi matupu. Nafasi za ufadhili, hata zikiwa nyingi namna gani, hazitamfikia mwenye daftari hilo.