Gita la Chumbani na Gita la Mbele za Watu



Mwezi huu tuzungumze juu ya vijana wetu wanaojifunza gita. Kariakoo, Kisutu na Upanga tunao wengi. Kijana akirudi shule, mkoba chini, gita mapajani, mpaka jirani wa ghorofa ya juu anagonga sakafu. Wimbo anaujua wote. Halafu inafika Jumapili, anasimama na kwaya ya vijana mbele ya kanisa lililojaa, na vidole vinakuwa kama si vyake. Ubeti wa pili anapotea, anaacha kupiga, anainamisha kichwa. Jioni anasema, "Mama, gita basi." Hapo neno moja la mama laweza kukiinua kipaji au kukipeleka juu ya kabati.

Tufahamu kwamba hakutudanganya. Wimbo anaujua, ila kwa namna ya chumbani. Chumbani akikosea husimama na kurudia. Mbele za watu wimbo haumngoji. Chumbani amekaa, anatazama vidole. Kanisani amesimama, gita linaning'inia kwa mkanda, chini ya pale mkono ulipozoea. Chumbani anajisikia mwenyewe tu; kanisani kuna dramu, kinanda na kwaya nzima, na spika zimewaelekea waumini. Makanisa makongwe ya Posta, kama Azania Front na Mtakatifu Yosefu, yalijengwa zamani za Wajerumani, kabla ya spika, na humo sauti huvuma na kurudi. Hofu nayo hulowesha mikono na kumfanya aharakishe bila kujua.

Wazee wa muziki wa dansi mjini hapa waliyaelewa haya. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilijengwa kwa magita yanayopishana: la solo, la rithimu, la besi. Mpigaji alipaswa kujua lini apige na lini anyamaze ampishe mwimbaji au tarumbeta. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, anakumbukwa kwa solo yake, lakini chini ya solo ile walikuwapo wenzake wa Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano. Ujuzi wa kupishana haupatikani kwa kujifungia chumbani, hata kwa mwaka mzima.

Basi mama afanye nini? Kwanza, wiki ya mwisho kijana apige wimbo mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata akikosea. Kukosea na kuendelea nako hujifunzwa. Pili, afanye mazoezi amesimama, macho yasiganda vidoleni. Tatu, sisi tuwe wasikilizaji wake wa kwanza. Baada ya chakula cha jioni tuzime televisheni, tukae na baba na wadogo zake, tumsikilize bila kumkatiza wala kumcheka. Nne, siku yenyewe awahi kufika, arekebishe nyuzi pale pale, maana joto letu la pwani huzibadilisha njiani. Na awe na nyuzi za akiba mfukoni. Tano, akipotea, anyamaze kidogo, asikilize besi, aingie tena kwenye kiitikio. Wengi hawasikii kosa. Huona uso wa aliyekosea.

Na ikiwa Jumapili mbaya imekwisha kupita, tusimwambie "Nilikuonya." Wala tusimsifu kwa uongo, kwani yeye mwenyewe alijisikia. Tumwache ale, apumzike, kisha tumwulize kwa upole, "Ulipotelea wapi?" Akiweza kupataja mahali hapo, mazoezi ya kesho yamekwisha kupata pa kuanzia.

Kupiga mbele za watu hujifunzwa mbele za watu. Kijana aliyekwama mara moja amepata somo ambalo chumba hakikuweza kumpa. Akiacha sasa, amelipa karo na kukimbia darasa. Tumsaidie kulishusha gita lile kabatini kabla halijaota vumbi.