PROGRAMU YA KUCHORA SAKETI ISIWE CHUMBA CHA KUPANGA



Baadhi yetu wa reli hapa Changamwe, tukitoka zamu, hutengeneza vyombo vidogo vya umeme nyumbani. Twaulizana: bodi za saketi tuzichore kwa programu gani? Ya kulipia kila mwaka ni kama chumba cha kupanga: kodi ikikwisha mlango hufungwa, na kazi yako imo ndani. EAGLE ya bure iliruhusu bodi ya sentimita mraba 80 tu. Tena mwaka 2023 wenyewe, Autodesk, walitangaza kwamba itakoma Juni 2026. KiCad, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992, ni bure, haina mpaka huo, wala hapana mwenye nyumba wa kututoa. Kujifunza kwake kwataka subira. Basi tufundishane. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.