Usiuze mmea kwenye kikombe kisicho na tundu

Wadau, kuna kauli naisikia sana kwa wauza maua wenzangu: "Mmea ukifa si atarudi kununua mwingine?" Mimi nasema harudi. Mtu akinunua aloe vera, sansevieria au echeveria ile iliyokaa kama ua la waridi, ikaoza ndani ya mwezi, anajisemea hana mkono wa maua. Basi, imeisha hiyo. Hanunui kwako wala kwa jirani yako.

Na mara nyingi tunaoua ni sisi wauzaji. Tunapanda kwenye kikombe cha chai au glasi kwa sababu inapendeza kwenye picha, chini hakuna tundu. Maji yanatuama, mizizi inakosa hewa, inaoza. Mimea hii inatunza maji kwenye majani yenyewe, ndo maana ni manene. Halafu unamwambia mteja amwagilie kila asubuhi, kama mchicha!

Kikombe kizuri kiwe pambo la nje tu, ndani weka kopo lililotobolewa. Udongo mweusi mtupu unashika maji sana. Mimi nachanganya nusu udongo, nusu mchanga wa mto na vikokoto vidogo. Mchanga wa ufukweni achana nao, una chumvi.

Ukimkabidhi mteja mwambie achomeke njiti mpaka chini. Ikitoka na udongo umegandia, asubiri. Ikitoka kavu, amwagilie mpaka maji yatokee chini, kisha aache. Huku Dar wakati wa masika, Machi hadi Mei, mmea unaweza kukaa wiki mbili na zaidi bila maji na usidhurike. Jani likiwa la njano na laini kama bamia iliyochemshwa, maji yamezidi. Likisinyaa, ni kiu. Wengi wakiona njano wanaongeza maji, hapo ndo wanaumalizia kabisa.

Mwanga nao, dirishani panatosha. Sansevieria inavumilia kona yenye giza kidogo, ila echeveria inarefuka shingo kutafuta mwanga, inakuwa mbaya hata kuitazama.

Najua kuna atakayesema maelezo yote haya yanamchelewesha. Andika kwenye kikaratasi, bandika kwenye kopo. Changu kina na namba ya simu. Watu wananitumia picha ya jani kabla mmea haujafa, na wakija dukani wanaulizia kopo kubwa zaidi au udongo uliochanganywa. Hayo nayo ni mauzo.